Nilivyoipata bei ya kweli ya dagaa Kirumba bila kumuuliza mtu faida yake

Wazo la utafiti wangu lilitoka kwenye daladala wala sio laibrari. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uhasibu hapa Mwanza, narudi Nyegezi jioni, kiti cha mbele yangu kuna watumishi wawili wanalalamika kwamba wazabuni wakisikia tu neno serikali wanapandisha bei. Mama mmoja aliyekuwa amepakata ndoo ya samaki akageuka akamwambia mmoja wao, wewe baba mshahara wako wa Januari ungekuwa unalipwa mwezi wa nne ungekubali ule ule au ungetaka na cha kusubiria? Gari zima likacheka, yule baba naye akacheka, ila mimi nikakaa na hilo swali mpaka nashuka.

Kichwa nilichopitishiwa chuo kilikuwa kirefu mpaka kinachosha kukitamka, kwa ufupi nilitaka kujua wafanyabiashara wadogo wanaouzia taasisi za serikali wanapangaje bei, na mifumo ya malipo ya serikali ina mkono wake hapo au haina. Nikachagua kina mama wa dagaa mwaloni Kirumba wanaopeleka mzigo kwenye shule za bweni. Kwanza ni karibu, pili shule za bweni zinakula dagaa kweli kweli, tatu mama yangu mdogo aliwahi kuuza pale kwahiyo nilidhani nitapokelewa kama mtoto wa nyumbani.

Sikupokelewa hivyo.

Nilienda na dodoso, zile karatasi za nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali. Swali la kwanza kabisa, sijui nani alinituma, lilikuwa linauliza faida yako kwa mwezi ni kiasi gani. Jamani. Msichana kavaa kitambulisho shingoni, ana kalamu, anaandika, anauliza faida, pale mwaloni huyo ni mtu wa makadirio ya kodi tu hata aape vipi. Majibu niliyopata ni tunamshukuru Mungu, ni ya kula tu mwanangu, na biashara siku hizi ngumu. Kwenye zile nakubali nakubali wote waliweka tiki mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, mmoja akaniuliza kwani kuna wanaokatazwa kukubali. Kinachochekesha ni kwamba mfanyabiashara mdogo asiyefika mauzo ya milioni 100 kwa mwaka kodi yake ya mapato ya makadirio inaangalia mauzo, faida haiguswi, kwahiyo hata ningekuwa mtu wa TRA hilo swali lisingenisaidia kitu. Siku hiyo nilirudi na dodoso 14 zilizojazwa na zote nilizitupa, msimamizi wangu nilimwambia zimelowa mvua (alinijua ila akanyamaza).

Alichonishauri ndio kikaokoa kazi. Aliniambia mwaka 1939 kuna wachumi wawili wa Oxford, Hall na Hitch, walienda kuwauliza wenye biashara Uingereza wanapangaje bei, wakakuta wengi hawafanyi ile hesabu ya kwenye vitabu ya kutafuta senti ya mwisho ya faida, wanachukua gharama yote wanaongeza juu kiasi wanachoona ni haki. Akasema sasa wewe usiulize faida, kaa pale uone gharama yote ya yule mama ni ipi, mana inawezekana kuna gharama anaibeba ambayo wewe huna hata jina lake.

Basi nikarudi bila karatasi wala kitambulisho, na kanga. Nikamsalimia mama mmoja, hapa nitamwita Mama K, shikamoo mama, nikamwambia nataka kukusaidia kuanika na kupima kwa muda, sitaki hela. Akanicheki juu mpaka chini akasema haya, ila giza likianza usije saa tatu kama mtu wa ofisi.

Giza lenyewe kwa asiye wa Ziwa nieleze. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za sola, dagaa wanaufuata mwanga ndio wanazungushiwa wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa taa haina kazi, wavuvi wanapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kwahiyo bei ya dagaa Kirumba haifuati tarehe za benki, inafuata mwezi wa angani. Giza likikolea mzigo unajaa, bei inashuka, mbalamwezi ikitoka mzigo unakata, bei inapanda, na mwenye stoo kavu na mtaji ndio anacheka. Mimi nilikuwa nimepanga kukusanya data siku tano! Ningeenda zile siku tano za giza ningeandika bei moja, za mbalamwezi ningeandika nyingine, na zote ningeziita bei ya soko. Nikaamua nikae mzunguko mzima, giza hadi giza, ikawa miwili mana wa kwanza nilikuwa bado najifunza kutofautisha dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya kichanja, na wa mchangani.

Na hilo la mchanga msilidharau. Mwaloni wananunua kwa gunia na ndoo, shule inapokea kwa kilo. Dagaa aliyeanikwa chini anabeba mchanga, unaulipia wewe, ukifika stoo ya shule wanapepeta ndio wanapima. Mama K alikuwa anajua kwa mkono tu gunia hili litapungua kiasi gani, anachota konzi moja anaitikisa anasema hili lina mchanga. Nilikuja na mzani nikampima kwa wiki mbili, tofauti yake na mzani ilikuwa ndogo mpaka nikaona aibu. Huo upungufu kwenye kitabu chetu una jina zuri tu, yeye anauita mdomo wa ziwa, na anauweka kwenye bei bila kuuandika popote.

Vitabu vya hesabu hana. Ila simu anayo, na humo ndio kuna leja. Karibu kila kitu kinapita kwenye lipa namba au anatumiwa moja kwa moja, na hafuti meseji hata moja, anasema meseji ya hela haifutwi ni kama risiti. Nilimuomba tukae usiku tupitie pamoja, yeye ananisomea mimi naandika, na kila meseji namuuliza tu hii ni ya nani. Hii ya mwenye mtumbwi. Hii ada ya Form Two. Hii kikoba. Hii ya yule kijana wa mkopo. Nilikaa hapo siku nne na ndio data yangu bora kuliko zote, na wenzake walivyoona Mama K kakubali wakaja wenyewe, wakafika tisa. Sikuchukua namba ya mtu wala jina, daftari langu lina A mpaka I.

Yule kijana wa mkopo ndio akanifungua macho. Tenda ya shule Mama K aliipata kwa kupambana, alisajiliwa NeST, ule mfumo wa manunuzi ulioingia mwaka 2023 badala ya TANePS, mtoto wa jirani ndio alimjazia steshenari akalipa na soda. TIN, leseni, vyote vikaingia. Bei yake ya shule ilikuwa juu ya bei ya mkononi, ile ya kulipwa hapo hapo, na mimi nikajisemea moyoni kumbe wale watumishi wa daladala walikuwa sahihi. Alafu nikaweka hesabu. Mfano niliotumia kwenye kazi yangu nimeuzungusha namba zisimtambulishe mtu, ila mwendo wake ndio huo huo: mzigo wa milioni 1, nusu ni hela yake, nusu kakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, laki 5 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Shuleni anauza kwa 1,350,000. Mwenye haraka anaona laki tatu na nusu za bure. Sasa malipo yakatoka baada ya miezi mitatu, riba peke yake ni 300,000. Ile asilimia 2 ya kodi ya zuio ambayo mnunuzi wa serikali anaikata kwenye bidhaa ni 27,000. Imebaki 23,000, hapo hujatoa bodaboda za kwenda kuuliza hela imefikia wapi na muda wake aliokaa kwenye benchi. Wakati mkononi angeuza kwa 1,100,000 na mtaji ungerudi kwenye giza linalofuata, na linalofuata.

Nilimwonyesha. Akaangalia muda mrefu, akasema mimi nilijua inauma ila sikujua inauma kiasi hiki, mana hela ya shule ikija inakuja nyingi kwa pamoja unaona umepata.

Upande wa serikali ulikuwa mgumu kwa namna nyingine. Barua ya chuo ilizunguka halmashauri moja kutoka meza hadi meza wiki tatu, nilipofika kwa mhasibu akasema taarifa za malipo hazitoki, na kwa kweli alikuwa na haki. Nikakumbuka somo la dodoso. Nikamwambia kaka sitaki taarifa ya mzabuni yeyote, nichoree tu karatasi moja inapoanzia mpaka hela inapoingia kwenye akaunti. Mtu akiombwa kuchora anachokijua anasahau kukataa! Akachora LPO (hati ya kuagiza mzigo), mzigo kupokelewa, ankara, hati ya malipo, mkaguzi wa ndani, kuidhinishwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, benki. Kwa shule na zahanati akachora FFARS, mfumo wa hesabu wa vituo vyenyewe. Akanionyesha kwa fahari kabisa kwamba zamani hundi ilikuwa inaandikwa kwa mkono inatafutiwa sahihi siku nne, sasa hivi ankara ikishaingia na fungu lina hela ni siku chache tu.

Nikamuuliza ikishaingia, je kabla haijaingia?

Akanyamaza kidogo. Akasema sasa hapo kama fedha ya chakula haijashuka unaingiza ili iweje, inakaa kwenye faili.

Nilitoka pale nimepata sura yangu ya nne nzima. Kuna saa mbili. Ya mfumo inaanza kuhesabu siku ankara ilipoingizwa, ya Mama K inaanza siku gunia liliposhuka kwenye gari. Kwa malipo niliyoweza kufuatilia kwa meseji na nakala za hati walizonazo kina mama wenyewe, kuna moja mfumo unasema siku 9 na mama anasema siku 84, na hakuna aliyedanganya. Mifumo imeharakisha kipande cha mwisho, kipande cha faili hakijaguswa, na hicho ndio kinamlipa kijana wa kausha damu. Na kinachonikera kama mhasibu ni kwamba serikali ilianza safari ya hesabu za akruo za IPSAS, viwango vya kimataifa vya hesabu za serikali, tangu mwaka wa fedha 2012/13, maana yake deni unalitambua ukishapokea mzigo hata kama hela haipo. Dagaa wameshaliwa na wanafunzi wameshawasahau, ile ankara kwenye faili ni deni tayari, ingeingizwa siku ile ile angalau ingeonekana.

Kina mama hawajui IPSAS ila wanajua kalenda. Niligundua bei zao za shule zinabadilika kutokana na mwezi wa serikali pia, sio wa angani tu. Karibu na Juni wengine wanashusha kidogo, mana mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na kila mtu anakimbia kulipa asirudishe hela, Julai mpaka Agosti wanapandisha au wanasema mzigo hamna, mana wanajua mwaka mpya unavyochelewa kuamka. Niliuliza tisa, saba walinieleza hivyo hivyo kwa maneno yao. Hiyo kwangu ndio jibu la yule baba wa daladala, wanachopandisha wakisikia serikali ni gharama ya siku za kusubiri.

Kutetea kulikuwa kugumu kidogo, panelisti mmoja alinikamia kwamba watu tisa sio sampuli. Nikamwambia ni kweli, ila nina miamala yao ya mizunguko miwili ya mwezi, kila shilingi na mwenyewe, na wale kumi na nne wa dodoso ningewaongeza ningekuwa na watu wengi wasio na kitu. Akauliza mdomo wa ziwa ni nini kwenye jedwali la tatu. Nikamweleza mchanga. Wakacheka, nikapita kwa masahihisho madogo, moja likiwa kubadilisha hilo jina.

Moja nililomsaidia Mama K nje ya utafiti ni kudai vyeti vya ile kodi ya zuio, alikuwa hajui kwamba akivipeleka TRA vinahesabiwa kwenye kodi yake, miaka yote alidhani imeliwa. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, wameomba na kikundi chake, bado wanasubiri.

Nakala ya kazi nilimpelekea, ina jalada gumu na yote ni Kiingereza. Akaniambia nimtafutie ukurasa wenye ile hesabu ya laki tatu, akaukunja, akaiweka juu ya mzani. Nilipomuomba kilo mbili za nyumbani akapima, akanifungia kwenye gazeti, nikamuuliza mama shilingi ngapi, akasema unalipa sasa hivi au mwezi wa nne?