Milioni 22 za nini juu ya gari mpya?

Naandika nikiwa na hasira, na ni hasira ya muda mrefu, najua hapa Arusha siko peke yangu. Naongelea cha juu kwenye magari mapya. Yani gari zero kilometa, imetoka kiwandani, bei yake inajulikana, afu muuzaji anaangalia watu walivyopanga foleni anaongeza hela ambayo haina maelezo yoyote. Kwenye mitumba ya Japani tumeshazoea, dalali wa yadi anaweka chake, tunabishana, anashusha, tunaelewana. Ila gari mpya watu tunakubali kulipa hela nyingi zaidi kwa sababu tunataka bei moja, karatasi moja, waranti, na pasiwe na maneno ya pembeni. Sa kama na huko kuna maneno ya pembeni tunalipia nini?

Sisi ni kampuni ndogo ya familia, ya safari. Mimi nashika mahesabu na buking, kaka yangu ndo anaendesha na kuongoza wageni. Magari tuliyonayo yamefanya kazi yake, ile rafrodi ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, geti la Serengeti, kila anayeijua anajua inavyomaliza gari, bushi, shokapu, milango inaanza kupiga kelele, vumbi linaingia mpaka kwenye lanchi boksi za wageni. Tukakaa kama familia tukasema safari hii tusinunue mtumba wa kuja kuufungua injini baada ya sizon moja, tuvute hadtopu mpya, yani Land Cruiser ya 70 yenye bodi ngumu, tuirefushe hapa hapa mjini, tuweke rufu ya kufunguka, ifanye kazi miaka 15. SACCOS ikakubali mkopo, mama akauza kiwanja chake cha Ngaramtoni, shemeji yangu wa Moshi akaongezea. Nalitaja hili la kiwanja makusudi, kwa sababu kuna watu wanaamini kila anayenunua gari mpya ana hela za kuchezea.

Kwa wasiojua kwa nini kila mtu anaitaka hadtopu. Hii Land Cruiser ya 70 imeanza kutengenezwa 1984 na umbo lake ni karibu lile lile, na ile injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, piston sita, fundi yeyote wa Arusha anaifungua bila kuhitaji kompyuta. Ikikufia Karatu unapata spea Karatu. Ndo maana UN wanaitaka, mashirika wanaitaka, migodi inaitaka, hospitali za vijijini zinaitaka kwa ambulansi, na sisi wa safari tunaitaka. Watalii nao wameongezeka, mwaka 2024 nchi imepokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2, na wageni wote hao wanaokuja kaskazini lazima wapandishwe kwenye gari ya mtu. Kwa iyo mahitaji ni makubwa, hilo mi silikatai kabisa na silalamikii foleni. Foleni nitapanga.

Sasa tukaenda kwa muuzaji mmoja wa magari mapya, simtaji jina. Kabla ya hapo alikua ameshatutumia proforma, ile karatasi ya bei kabla ya kulipa, kwa imeili, bei tukaiona, tukaipeleka SACCOS, hesabu zote zimepigwa kwa karatasi ile. Tulivyofika kuna gari moja ipo ndani, nyeupe, siti bado zina nailoni, ukifungua mlango ile harufu ya mpira mpya inakupiga. Kaka yangu akainama akaangalia chini, akaangalia difu, akafunga boneti taratibu, nikamuona kabisa moyo umeshaenda. Afisa mauzo kijana mstaarabu sana, dada karibuni, kaka karibuni, maji yakaletwa. Akasema mna bahati, hii kuna mteja aliweka oda akaghairi, mkiwahi ni yenu. Akaprinti proforma nyingine. Ile ile, ila chini ya bei, kabla ya jumla, kuna mstari mpya: gharama za upatikanaji wa haraka, Sh 22,000,000.

Nikamuuliza hii ni ya nini. Akasema dada, hiyo ni kwa sababu gari ipo, hausubiri, ukitaka isiyo na hiyo unaweka oda unasubiri mwaka na mi siwezi kukuahidi tarehe. Kaka akamuuliza swali moja tu, hii gari imewagharimu zaidi ya zile za oda? Kijana akanyamaza kidogo akasema hapana kaka, ila soko ndo linavyosema. Tukakaa. Afu akaja na hili ndo lililonimaliza, akasogea akasema kama mstari ule unawasumbua anaweza kuutoa kwenye proforma, tukalipa 18 keshi pembeni, bei ya kwenye karatasi ikabaki ile ya kwanza.

Yani 18 milioni bila risiti. Mi nashika mahesabu, naandika nini kwenye kitabu? SACCOS nawaambia hela imeenda wapi? Tumeshazoea mjini hata ukinunua soda unaambiwa dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, afu kwenye gari mtu ananiambia milioni 18 nimpe mkononi. Tukashukuru kwa maji tukaondoka.

Watu niliowasimulia nusu yao wameniambia ndo biashara, soko huria, kitu kikiwa adimu bei inapanda. Naomba nilijibu hili vizuri kwa sababu mi nafanya biashara pia na bei zangu za Julai siyo za Aprili. Kuna vitu vinavyopandisha bei ya gari ambavyo navielewa na navikubali. Dola ikipanda nionyeshe, tuliona wenyewe mwaka 2024 ilivyofika mpaka 2,700 kwenda juu. Meli ikipanda nionyeshe. Kodi zenyewe ni nzito na zinapandiana, kwa gari ya kawaida ya abiria yenye injini ya zaidi ya cc 2000 unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 10, juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18. Ukipiga hesabu unaelewa kwa nini gari hapa ni ghali na hutamlaumu muuzaji. Na faida yake ipo ndani ya bei ya kwanza, hakuna anayemwambia auze kwa hasara. Ile 22 haipo sehemu yoyote kwenye mlolongo huo, kijana mwenyewe amekiri kwa mdomo wake gari haijawagharimu zaidi.

Na mimi nikipandisha bei ya Julai naitangaza tangu mwaka jana yake, iko kwenye tovuti, mgeni anaiona kabla hajalipa hata dola moja. Siwezi kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa KIA nikamwambia kuna foleni ya nyumbu Mto Mara kwa iyo ongeza dola 800 ndo tuondoke. Ningefanya hivyo ningefungiwa.

Jambo lingine linaloniumiza zaidi hata ya hela ni foleni yenyewe. Gari ya mteja aliyeghairi ni ya nani? Kwa akili ya kawaida ni ya anayefuata kwenye orodha. Kuna mtu ameweka advansi miezi iliyopita, labda ni wa Moshi, labda wa Babati, anapigiwa simu anaambiwa mzigo bado uko njiani, kumbe nafasi yake inauzwa kwa mtu aliyeingia mlangoni leo. Tungelipa ile hela tungekua tumemruka mtu tusiyemjua. Mama aliposikia hilo ndo akasema kabisa hiyo gari msiichukue. Na ukishaanza kuuza nafasi huna tena sababu ya kutaka foleni iishe, foleni yenyewe imekua bidhaa.

Nimefuatilia wenzetu wa nje nikakuta ugonjwa ni huo huo. Marekani kuna sheria ya tangu 1958 inayolazimisha kila gari mpya ibandikwe kioo karatasi yenye bei anayopendekeza mwenye kiwanda, seneta aliyeipigania anaitwa Mike Monroney na mpaka leo karatasi ile inaitwa kwa jina lake. Lakini ni bei ya kupendekeza tu, muuzaji ni mfanyabiashara huru, na kwenye majimbo mengi kiwanda chenyewe hakiruhusiwi kumuuzia mteja moja kwa moja. Ilipokuja shida ya chipu za kompyuta baada ya korona, viwanda vikapunguza uzalishaji, wauzaji wakaanza kubandika karatasi ya pili pembeni ya ile ya kwanza, wanaiita marekebisho ya soko. Kampuni ya Edmunds inayofuatilia bei za magari ilisema Januari 2022 zaidi ya asilimia 80 ya wanunuzi wa magari mapya kule walilipa juu ya bei hiyo ya kupendekeza, wakati mwaka mmoja kabla hawakufika hata asilimia 3. Ikafika mahali bosi wa Ford, Jim Farley, akasema hadharani wanawajua wauzaji wanaozidisha, ni kama asilimia 10 ya wauzaji wao, na watakaoendelea watapunguziwa mgao wa magari. Ona hapo, mwenye kiwanda mwenyewe amekereka, kwa sababu jina linaloharibika ni la kwake na hela haingii kwake.

Japani nako Land Cruiser 300 ilivyotoka 2021 foleni ikawa ndefu mpaka Toyota wakawaambia watu kusubiri kunaweza kufika miaka minne. Watu wakaanza kununua ili wauze kesho yake kwa bei ya juu, wauzaji wakawa wanawasainisha wateja ahadi kwamba hutaiuza gari ndani ya mwaka mmoja. Na Suzuki, Januari 2025, walitangaza Jimny ya milango mitano, ndani ya siku chache zikaingia oda kama 50,000 wakati walipanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Walichofanya wakasimamisha kupokea oda, wakaomba radhi. Nawaheshimu kwa hilo. Wangeweza kupandisha bei na watu wangelipa.

Hapa kwetu mafuta EWURA wanatangaza bei kikomo kila mwezi, mwenye sheli akizidisha anajua anacheza na leseni. Sisemi serikali ipange bei ya magari, hapana, gari siyo petroli. Ninachotaka ni kidogo sana, bei uliyoniandikia kwenye proforma ndo nilipe mpaka muda wake uishe, kila shilingi niliyolipa ionekane kwenye risiti, na orodha ya wanaosubiri iheshimiwe. Hata kuandika bei za ndani kwa dola tuliambiwa haiwezekani kubadilika, ikatoka kanuni mwaka 2025 inakataza, na sasa proforma zinakuja kwa shilingi. Na ipo Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa sheria ya 2003, kumlinda mlaji dhidi ya kupotoshwa ni kazi yake. Tumeanza kuandika barua, na nakala itaenda kwa wenye kiwanda. Kaka haamini itafika mbali ila amesaini.

Najua makampuni makubwa yanalipa tu. Wana magari 60, 22 milioni wanaisambaza kwenye bei za wageni haionekani. Kwetu sisi hiyo ilikua sehemu kubwa ya hela ya karakana, kukata na kurefusha chesisi, rufu, siti za wageni, redio kolu, friji. Tungelipa, gari ingekaa nyumbani bila kazi mpaka tupate hela nyingine, huku riba ya SACCOS inatembea. Kwa iyo anayebaki nje kila mara ni yule yule mdogo, na sizon inayofuata anaambiwa magari yake ni machakavu.

Tumeweka oda kwa muuzaji mwingine. Bei ya juu kidogo kuliko ile proforma ya kwanza, lakini kwenye mkataba tumeandikishana namba yetu kwenye orodha, kiwango cha dola kilichotumika kupiga bei, advansi inarudi yote wakichelewa zaidi ya muda tuliokubaliana, na hamna malipo yoyote nje ya risiti. Mwanzoni walisema huwa hawaandiki vitu hivyo, tukawaambia basi sawa tunaondoka, meneja akaja akaandika. Sizon hii tutakodi gari kwa rafiki yetu wa Njiro, faida itapungua, sawa.

Kama umenunua au umeulizia gari mpya mwaka huu, Arusha, Moshi, Dar, popote, nitumie picha ya proforma yako kwa imeili, funika jina lako na la muuzaji, uache tarehe, aina ya gari na mistari ya bei. Nataka niziweke pamoja zikae kwenye ile barua, maana karatasi yetu peke yake watasema ni ya mtu mmoja.