Siku Leza Ilipousikiliza Mshono wa Moto

Juzi binti yangu alitazama picha ya ultrasaundi ya shangazi yake, akaniuliza kwa nini mama mjamzito hupakwa jeli tumboni. Nilimweleza kwamba hewa huyazuia mawimbi yale kuingia mwilini, naye akauliza: "Na kitu kikiwa cha moto, baba, jeli si itaungua?" Nikakumbuka karakana ya maabara moja ya Glasgow, Uskoti, nilikoona leza ikifanya kazi hiyo bila jeli.

Mishono ya chuma kilichochomelewa nayo hukaguliwa kwa mawimbi kama yale, na hapo jeli hiyo ndiyo kikwazo chenyewe. Probu ya kawaida, yaani kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi, ni lazima igusane na chuma, kwa hiyo mkaguzi husubiri kipoe, na dosari ya tabaka la kwanza hugundulika ikiwa imekwisha kufunikwa na matabaka mengine yote. Hapo hakuna njia ila kuyafukua kwa grenda na kuanza upya.

Asubuhi hiyo roboti ilikuwa ikijaza mfereji kati ya mabamba mawili yenye unene wa milimita 15, na chini ya matabaka ulikuwa umezikwa kwa makusudi kijiti cha tangsteni, metali isiyoyeyuka kwa urahisi, kiwe badala ya dosari. Nyuma kidogo ya moto wa kuchomelea, leza ya kwanza ilitoa mapigo ya mwanga ya nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache. Kila pigo liliunguza chembe ndogo mno ya uso wa chuma kwa mlio mkavu, ilhali wimbi lenyewe, ambalo sikio halilipati, lilizama ndani. Leza ya pili ilisoma mtikisiko wa uso, mdogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita. Hakuna kilichogusa chuma. Kwenye skrini, mwangwi wa upande wa chini wa bamba ulirudi baada ya mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde) 5 na ushei, kwenda na kurudi, kwani sauti hupita ndani ya chuma kwa takriban mita 5,900 kwa sekunde, kasi ambayo hupungua kadiri joto linavyopanda. Kisha, mtambo ulipofika juu ya kijiti, mwangwi mwingine ulichomoza mapema zaidi, kabla ya mikrosekunde 3, yaani wimbi lilikuwa limekigonga kijiti kabla ya kufika chini, nasi sote tukanyamaza. Mshono ulikuwa bado wa kuunguza mkono.

Leza zilipozimwa, fundi mmoja mzee, aliyechomelea meli miaka mingi, alivua miwani, akautazama sana mchoro ule, kisha akauliza: "Na nyufa za kesho?" Alikusudia nyufa zinazoletwa na hidrojeni, ambazo huweza kutokea saa nyingi baada ya chuma kupoa, ndiyo maana ukaguzi wa mwisho mara nyingi hungojwa hadi saa 48.

Hakuna aliyemjibu moja kwa moja. Leo ninapokagua mabomba hapa nyumbani, natamani kwa dhati chombo kile kiwe kando ya kila mchomeleaji, maana dosari ikionekana mapema hufukuliwa tabaka moja tu. Lakini bado sijapata namna ya kumweleza msimamizi wa mradi kwamba, hata tukikinunua, saa zile 48 huenda tusiweze kuzifuta.