Jinsi ninavyotengeneza jaketi na mikoba kwa fagia ya Kibuye

Kitambaa kizuri kabisa ninachopata hapa Kisumu hukinunua Jumapili jioni, soko la Kibuye, wauzaji wakiwa wanakunja maturubai. Asubuhi ni ya kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza. Belo la kilo 45 likikatwa kamba watu wameshalizunguka, na nguo nzuri huondoka papo hapo. Bei hushuka kadiri jua linavyoinama, hadi inabaki fagia, yaani masalio ambayo hakuna aliyeyataka: shati lenye doa la wino, jinzi iliyotoboka magoti, gauni lisilo na zipu, shuka lenye tundu. Muuzaji hapendi kulipia mkokoteni wa kurudisha hizo stoo, kwa hiyo tunaelewana haraka. Kwa bei ya shati moja la kamera mimi najaza gunia.

Ninachonunua pale ni kitambaa. Nikishika shati la mwanamume mnene ambalo kola na mikono vimechakaa, naligeuza niangalie mgongo, kwa maana mgongo wa shati hauchoki upesi. Jinzi nayo huisha magotini, mapajani kwa ndani na kwenye pindo, lakini upande wa nyuma wa mguu, kutoka gotini kushuka, mara nyingi ungali mzito na imara. Suruali mbili za watu warefu zinatoa mbele na nyuma ya mkoba mkubwa wa sokoni, na vipande vya mfukoni vinabaki.

Aliyenifundisha kutazama nguo hivi ni mzee mmoja fundi wa mtaa wa Nyalenda, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye mitambo ya KICOMI, kiwanda cha pamba cha mji wetu. Enzi hizo pamba ya Busia, Siaya na Homa Bay ilikuwa na pa kwenda. Kiwanda kikafungwa miaka ya 1990, nchi ikiwa imefungulia nguo za nje milango, na mzee akahamia kwenye cherehani ya miguu barazani. Vidole vyake bado vinaujua uzi. Kila nikimpelekea kitambaa nisichokifahamu ananiambia, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "choma kwanza."

Basi nachoma. Unachomoa nyuzi chache pembeni, unazishika kwa kibano na kuwasha kiberiti. Pamba huungua upesi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, na ikipoa inaacha punje ngumu. Kukiwa na jivu na punje pamoja, hapo ni mchanganyiko. Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika kazi yangu, kwa sababu rangi ya mimea hushika pamba na haishiki poliesta. Pamba tupu inakwenda kwenye sufuria ya rangi. Poliesta naifanya bitana na mifuko ya ndani, maana ni nyepesi na haikunjamani.

Rangi ndiyo iliyonipa jibu la madoa. Wauza vitunguu wa Kibuye hutupa maganda makavu kila jioni. Nikawaomba waniwekee kwenye mifuko, na hadi leo wananiwekea. Kwanza nachemsha kitambaa na magadi, yale yale tunayotia kwenye mboga za kienyeji kama osuga na mito, ili mafuta ya mwilini na mabaki ya sabuni yatoke. Watu wengi huruka hatua hii halafu wanalalamika kwamba rangi imeshika mabaka. Baada ya kusuuza nakilaza usiku kucha kwenye maji ya majani ya chai yaliyochemka sana, kwa kuwa pamba peke yake haipokei rangi vizuri bila ule ukakasi wa chai. Kisha shabu (alum), ya kushikisha rangi, kama gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, ikiyeyushwa kwenye maji ya moto. Mwisho ni maganda, yamechemshwa saa nzima na kuchujwa. Kinachotoka ni rangi ya dhahabu iliyoiva ambayo sijawahi kuiona kwenye kitambaa cha dukani. Doa likikataa kufunikwa, natumbukiza kitambaa kwenye maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu. Chuma kikikutana na chai kitambaa kinaingia kijivu, na wino hauonekani tena. Jaketi zangu za kijivu ndizo zinazoisha haraka kuliko zote, na zote zilianza na madoa mabaya.

Mikanda ya mikoba inatoka Dunga, ufuoni. Magugu maji yalitoka Amerika Kusini, yakaonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wameyachukia tangu hapo, kwa kuwa yakijaa ghubani mashua haitoki wala kuingia. Kinamama wanaosuka huyavuna, hukata jani na mzizi na kuanika shina. Zaidi ya asilimia 90 ya shina bichi ni maji, kwa hiyo mzigo wa kumlemea mtu ukikauka unageuka kifungu kidogo cha kwapani. Halafu lazima likauke kabisa: likisukwa na unyevu ndani, koga inaingia. Ndiyo sababu mikanda ya mwaka naiagiza Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Wasusi wananyunyizia shina maji kidogo lisivunjike, wanalipiga bapa na kusuka utatu. Mimi nashona msuko huo juu ya utepe wa jinzi, ili uzito wa sukuma na viazi ubebwe na jinzi na msuko usivutike.

Kwenye malipo sibadilishi msimamo. Msusi analipwa kwa mita, kwa M-Pesa, siku anayokabidhi kazi, mkoba uwe umenunuliwa au bado. Nimeona watu wakichukua kazi ya mikono ya kinamama kwa ahadi ya "tukiuza tutakulipa", kisha picha za mkoba zinasambaa huku mama akingoja. Kama mtaji hautoshi kumlipa msusi, basi agiza mita chache.

Kushona kwenyewe hakuna maajabu, ila jinzi juu ya jinzi inahitaji sindano namba 16 au 18, na mshono mnene unapigwa nyundo mara kadhaa kabla haujapita chini ya mguu wa cherehani. Kinachokula muda ni kufumua. Shati moja lina mishono mingi kuliko unavyodhani, na mkasi wa haraka hapo unapoteza sentimita ambazo utazililia wakati wa kukata. Vijana wawili wa jirani hunisaidia kufumua, nao nawalipa kwa kila nguo.

Mwaka 2020 serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kutoka Machi hadi Agosti, fagia ilipungua na muuzaji hakuwa na haja ya kushusha bei tena. Hapo nikaanza kununua nguo kuukuu za majumbani: mapazia, shuka, suti za marehemu ambazo familia haikujua izipeleke wapi. Mpaka sasa kuna watu hunipigia simu niende kuchukua, na pazia zito la pamba ni mali, kwa sababu linanipa kitambaa kipana kisicho na mshono.

Jaketi nauza shilingi 3,500 na mkoba 1,500. Mteja akiuliza mbona nguo ya mitumba ni ghali hivyo, sibishani naye. Naligeuza jaketi ndani nje nimwonyeshe mishono iliyofungwa pande zote, nafungua mfuko, halafu namtajia waliolipwa: muuzaji wa fagia, wafumuaji, msusi, mzee anayenikatia kola. Wengi huondoka wakifikiria, na baadhi yao hurudi mwisho wa mwezi. Wanaonunua zaidi ni vijana wa mjini na watu wa Nairobi ninaowatumia vifurushi kwa basi. Wageni wanaotembelea Dunga hununua mikoba, jaketi mara chache.

Vipande visivyofika upana wa kiganja vinajazwa kwenye mito ya viti. Na mkoba wowote niliouza unapokelewa ukichakaa. Jinzi hukaa miaka mingi, msuko wa magugu huchoka mapema zaidi, hasa kwa mtu anayebeba mkoba kila siku kwenye boda. Nafumua mkanda wa zamani na kushona mpya bila malipo ya ufundi. Mteja analipia mita za msuko tu, na pesa hiyo naituma Dunga siku hiyo hiyo.