Kibao cha Mkilua

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya Mombasa, nilikabidhiwa kazi ya kuandika vibao vya bustani, kila kimoja mistari mitatu: jina la Kiswahili, la Kiingereza na la kisayansi. Niliipenda kazi hiyo mno. Mrehani, ambao jina lake tulilipata kwa Waarabu, ulikuwa Ocimum basilicum, na neno hilo la pili latokana na Kigiriki, maana yake ya kifalme. Asumini ilikuwa Jasminum sambac, na sambac ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi zambaki.

Karibu na lango palikuwa na mti mrefu wenye maua ya manjano yaliyojaza harufu ua zima nyakati za jioni. Kijitabu nilichopewa kilisema kwamba mti huo ni mkilua, Cananga odorata, nami nikaandika hivyo kwa rangi nyeupe, kwa herufi nilizozipima kwa rula.

Siku ya wazazi alikuja nyanya yangu, ambaye alisoma herufi za Kiarabu peke yake, kwa hiyo nilimsomea vibao kimoja baada ya kingine. Tulipofika langoni alininyamazisha kwa mkono, akainama, akaokota ua moja.

"Mjukuu wangu, hili ni langilangi. Kilua hakining'inii namna hii."

Alifungua pindo la leso yake, akatoa vilua vitatu alivyokuwa amevichuma alfajiri kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia ambacho wanawake hukivaa kifuani, akaviweka kiganjani mwangu kando ya lile ua. Langilangi lilikuwa na petali sita ndefu, zimelegea na kujikunja kama utepe uliolowa; za kilua zilikuwa fupi, nene, zimekazana. Hata harufu zilitofautiana. Niliona haya, kwa sababu nimekua nikivinusa vilua kifuani mwake tangu utotoni, na bado niliamini karatasi kuliko pua yangu.

Mwalimu wetu wa bayolojia hakupuuza habari hiyo. Wiki iliyofuata aliniletea kitabu kinene cha mimea ya Afrika Mashariki, akanionyesha kwa kidole: Mkilua fragrans. Nilirudia kusoma mara tatu. Mtaalamu Bernard Verdcourt, wa bustani ya Kew huko London, alipoutangaza mmea huu mwaka 1970 kuwa jenasi peke yake, yaani kundi la mimea lenye jina lake lenyewe, hakuchukua neno la Kilatini wala jina la mfadhili, bali alichukua jina waliloliita wenye mmea wao, akaongeza fragrans, yaani wenye kunukia. Sijui heshima iliyo kubwa zaidi ambayo mwanasayansi angeweza kuwapa mama zetu.

Kibao cha langoni nilikiandika upya: Mlangilangi, Ylang-ylang, Cananga odorata. Hapo pia niligundua kwamba mistari miwili ya kwanza ni neno moja, lililotoka Ufilipino. Kisha nyanya akatupa mche wa mkilua, tukaupanda kivulini, na kwenye kibao chake nikauacha mstari wa Kiingereza mtupu, kwa kuwa sikuona jina la kuandika.

Alipokuja tena nilimsomea mstari wa kwanza, nikaruka ule mtupu, nikamsomea wa tatu. Aliniuliza ni lugha gani hiyo.

"Ya wanasayansi, nyanya."

"Basi rudia," akasema, akavuta leso yake begani, akasikiliza.