Ana miaka 19, anataka cc 1000

Mpwa wangu hapa Leicester katimiza miaka 19 na macho yake yote yako kwenye pikipiki ya cc 1000. "Mjomba, si nina leseni?" Anayo, ila ni ya A1: mwisho cc 125, kilowati 11. Juzi tukakaa kuzisoma kanuni za Uingereza mstari kwa mstari. Kwa umri wake anaruhusiwa mtihani wa A2, pikipiki isiyozidi kilowati 35. Akikaa na A2 miaka miwili, ndipo afanye mtihani wa A, isiyo na kikomo. Asiyepitia ngazi hiyo anasubiri mpaka afike 24.

Kanuna. Anasema wanawaonea vijana. Mimi kanuni hizi naziunga mkono kwa moyo wote. Pikipiki nyingi za mbio za cc 1000 zinapita kilowati 140, tena uzito wake ni kama kilo 200 tu! Ujasiri kijana anao tele. Asichokuwa nacho bado ni kuzijua barabara: lami yenye mvua, mafuta yaliyomwagika kwenye kona, gari linalokatiza bila dereva kukuona.

Nimemwahidi kumlipia ada ya mtihani wa A2, pamoja na jaketi na glavu nzuri.