Kolajeni na Kidonda Kisichofunga

Katika kazi yangu ya uuguzi hapa Lamu, vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari ndivyo vinavyonishughulisha zaidi, na jamaa zao huniuliza mara kwa mara kuhusu bendeji za kolajeni walizozisikia Mombasa. Jibu lake linaanzia ndani ya jeraha lenyewe.

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, na ndiyo inayoipa ngozi uimara. Mvuvi akikatwa na matumbawe, chembe sahani za damu hunasa kwenye kolajeni iliyofichuliwa, damu ikaganda, kisha seli nyeupe zikaitwa kuua vijidudu na kuondoa tishu iliyokufa. Baadaye huja fibroblasti, seli zinazofuma kolajeni mpya, ambayo mwanzoni huwa na kiasi kikubwa cha aina ya 3, na kwa muda wa miezi nafasi yake huchukuliwa na aina ya 1 iliyo imara zaidi. Ufumaji huo hauwezekani bila vitamini C, ndiyo maana nawasihi wagonjwa wangu wasiache mapera na mboga za majani.

Kidonda sugu hukwama kabla ya kufika huko. Vimeng'enya viitwavyo metaloproteinasi, ambavyo kazi yake ni kukata kolajeni iliyochakaa, huzidi kiasi na kuikata hata ile changa. Bendeji ya kolajeni hujitoa mhanga: vimeng'enya huishughulikia hiyo na kuipa nafuu kolajeni ya mwili, vipande vinavyomeguka huvuta fibroblasti na makrofaji (seli nyeupe zinazomeza vijidudu na uchafu), na nyuzi zake huwa kama jukwaa la boriti ambalo mafundi hulikwea wanapoinua ukuta. Bendeji hiyo mara nyingi huwa karatasi nyeupe, kavu na nyepesi mno. Ukiilaza juu ya kidonda chenye majimaji, hulainika papo hapo na kushikamana na nyama.

Hata hivyo, haifai kuwekwa juu ya tishu nyeusi iliyokufa, ambayo sharti iondolewe kwanza, wala haichukui nafasi ya kutibu maambukizi, kudhibiti sukari na kuupunguzia mguu uzito wa mwili. Tafiti kuhusu vidonda vya kisukari zinatia moyo, ingawa nyingi ni ndogo, na kwa maoni yangu asiuze mtu ng'ombe wake kuinunua kabla hayo mengine hayajatimizwa.

Mzee mmoja wa Langoni aliniuliza, "Mwanangu, hii imetoka kwa mnyama gani?" Aliuliza la maana sana. Zipo za ng'ombe, za nguruwe na za samaki, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla paketi haijafunguliwa, kwa ajili ya dini yake na pia kwa sababu mwenye mzio wa kolajeni ya mnyama huyo hapaswi kuwekewa kabisa.