Siku Tulipovunja Sindano Yenye Sumaku

Kanuni ya sumaku haimsumbui mwanafunzi. Ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana: hata mtoto ambaye hajawahi kushika sumaku huikariri akishaisikia mara moja, na kwenye mtihani huiandika bila kusita. Kinachosumbua ni kuelewa ncha yenyewe ni nini.

Sumaku ndefu za shule mara nyingi hupakwa rangi mbili, nyekundu upande wa kaskazini na buluu upande wa kusini. Rangi hizo zinamsaidia mwalimu kueleza, lakini naamini zinapanda wazo potofu kichwani mwa mtoto: kwamba nusu nzima ni kaskazini, nusu nzima ni kusini, na katikati pana mpaka. Kwa muda mrefu nililishuku wazo hilo bila kulisikia likisemwa waziwazi. Kisha likasemwa.

Darasa lilikuwa la wanafunzi wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne hivi. Nilikuwa nimeshawagawia sumaku, na walikuwa wanaufurahia ule msukumo usioonekana, ambao kwa maoni yangu mtoto anapaswa kuuhisi mikononi kabla hajaambiwa lolote. Msichana wa meza ya mbele akainua sumaku yake, akaweka ukucha pale nyekundu inapokutana na buluu, akauliza, "Mwalimu, tukikata hapa, hii nyekundu itabaki kaskazini tupu?"

Darasa likamjibu kabla yangu. Itabaki, walisema. Itakosaje?

Jibu nilikuwa nalo, na kulitoa kungechukua nusu dakika. Sikulitoa. Mwanafunzi akipewa jibu kabla ya kutamka anachotarajia, huliweka kando ya wazo lake la zamani, na lile la zamani ndilo linaloendelea kumwongoza. Nikamwambia kila mmoja aandike utabiri wake kwenye karatasi na kuweka jina. Karibu wote waliandika kwamba tungepata kaskazini peke yake na kusini peke yake. Wachache walisema sumaku ingekufa. Mvulana mmoja wa nyuma aliandika neno moja tu: "Tupime."

Tukatumia sindano ya kushonea. Chuma chake ni kigumu, kikisumakishwa hubaki na usumaku wake, tofauti na msumari wa kawaida ambao huupoteza karibu wote mara sumaku inapoondolewa. Yule msichana aliisugua kwa ncha ya kaskazini ya sumaku, akianzia kwenye tundu na kuishia upande mkali, kisha akainua sumaku juu, akairudisha kwa mbali hewani na kuanza tena kwenye tundu. Nilisisitiza aende upande mmoja tu, kwani kusugua kwa kurudi nyuma hufuta kilichofanywa na kwenda mbele.

Alipoilaza kwenye unga wa chuma, unga ulishika miisho yote miwili ukasimama kama manyoya. Katikati hapakushika kitu. Niliwataka wapaangalie sana hapo katikati, maana ndipo tungevunja. Kisha tukaijaribu kwa dira: upande mkali ukauvuta mwisho wa mshale unaoelekea kaskazini, na tundu likausukuma. Kwa hiyo upande mkali ulikuwa kusini na tundu lilikuwa kaskazini. Wakaandika.

Niseme jambo moja hapa kwa ajili ya mwalimu mwenzangu. Dira zikihifadhiwa sanduku moja na sumaku, baadhi ya mishale hugeuzwa na kuonyesha kinyume. Kabla ya kipindi kama hiki, zipange zote mezani, mbali na sumaku, uhakikishe zinaelekea upande mmoja. Dira moja iliyogeuka inatosha kuliharibu somo zima.

Nikaifunga sindano ndani ya kitambaa ili vipande visiruke, nikavaa miwani ya kukinga macho, nikaivunja kwa koleo mbili. Nusu ya kwanza tukaichovya kwenye unga. Pale ilipovunjika, mahali ambapo muda mfupi uliopita hapakushika kitu, unga ulikuwa umejaa. Nusu ya pili, vivyo hivyo.

Kelele ikaanza. Wapo waliokimbilia karatasi zao kutazama walichoandika. Lakini yule mvulana wa nyuma hakuridhika, na pingamizi lake ndilo lililonifurahisha kuliko yote siku ile. "Mwalimu, unga hauonyeshi kaskazini wala kusini. Na dira nayo ikivutwa haitoshi, hata msumari unaivuta."

Alikuwa sahihi kabisa. Kuvutana hakuthibitishi kwamba kitu ni sumaku, kwa sababu sumaku huvuta chuma chochote cha kawaida. Kusukumana ndiyo ushahidi wa uhakika: ni sumaku tu inayoweza kuisukuma sumaku nyingine. Nikamwita aje apime mwenyewe, asogeze polepole. Akachukua nusu yenye upande mkali. Upande mkali ulikuwa bado kusini. Akaigeuza, akaleta mvunjiko karibu na mwisho wa kaskazini wa mshale, na mshale ukasogea mbali. Ukasukumwa. Ule mvunjiko ulikuwa kaskazini. Kwenye nusu yenye tundu, tundu lilibaki kaskazini na mvunjiko ukausukuma mwisho wa kusini wa mshale. Sindano moja imekuwa sumaku mbili kamili, na tulipozikaribisha zile sehemu mbili zilizovunjika, zikavutana.

Tukavunja nusu moja tena. Jibu likawa lile lile. Ndipo mtoto mmoja akasema kwa sauti, bila kunyoosha mkono, "Ni kama kamba! Ukiikata, huwezi kupata kamba yenye mwisho mmoja." Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, na hakuna hata moja ninaloliweka juu ya hilo.

Niliwasimulia kwamba walichokiona kiliandikwa mwaka 1269 na Mfaransa aitwaye Petrus Peregrinus, katika barua aliyoiandika akiwa kwenye jeshi lililouzingira mji wa Lucera nchini Italia. Alitumia jiwe la sumaku la asili, akaliweka kwenye chombo kinachoelea majini, akalikata, akaona kila kipande kina ncha zake mbili. Hakuwa na chombo chochote ambacho wao hawakuwa nacho mezani.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya chuma mna sehemu ndogo sana ziitwazo domeni, na kila moja ni sumaku yenye kaskazini na kusini yake. Katika chuma cha kawaida zimeelekea huku na huko, zinafutana. Kusugua kunazipanga upande mmoja. Katikati ya sindano, kaskazini ya domeni moja inakutana na kusini ya jirani yake, kwa hiyo nje hapaonekani kitu. Ukivunja hapo, unawatenganisha majirani. Ncha haikuletwa, haikukatwa, imefunuliwa. Joto kali huvuruga mpangilio huo, na chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi hakiwezi tena kuwa sumaku ya kudumu.

"Hadi mwisho kabisa?" aliuliza yule msichana. "Hata kipande kikiwa kidogo kuliko chochote?"

Hata elektroni moja, nilimjibu, ni sumaku yenye pande mbili. Lakini swali lake lina heshima kubwa katika fizikia. Mwaka 1931 mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac alionyesha kwamba ncha iliyo peke yake haikatazwi na nadharia, na kwamba kama ingekuwepo hata moja tu ulimwenguni, ingeeleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa vipimo maalumu. Watu wakaitafuta, hata ndani ya mawe yaliyoletwa kutoka mwezini. Mwezi Februari 1982, kifaa cha mwanafizikia Blas Cabrera katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilinasa ishara moja iliyofanana na kile kilichotarajiwa. Ishara hiyo haikurudiwa, na ncha pweke haijathibitishwa mpaka leo. Darasa lilisikiliza kwa namna ambayo sijaiona wakati wa kukaririsha kanuni.

Kutoka hapo tukaruka hadi kwenye dunia, kwa sababu mtu aliuliza kama huko kaskazini kumefukiwa sumaku. Daktari Mwingereza William Gilbert alieleza mwaka 1600 kwamba dunia yenyewe ni sumaku, na mvumbuzi Mwingereza James Clark Ross aliifikia ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1831, katika pwani ya kaskazini ya Kanada. Aliitambua kwa sababu sindano yake, iliyoweza kuinama juu na chini, ilisimama karibu wima kabisa. Hapakuwa na mlima wa chuma, wala jiwe la kuchimbua. Tangu hapo mahali hapo pamehama zaidi ya kilomita elfu mbili, pametoka Kanada na kuelekea upande wa Siberia, maana usumaku huo hutokana na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka kwenye kiini cha dunia. Na kwa kuwa inauvuta mwisho wa kaskazini wa dira, ncha hiyo kwa tabia ni ya kusini. Hilo liliwaudhi baadhi yao. Niliwaacha wabishane kidogo, kisha nikawarudisha kwenye kanuni waliyoikariri, wakaona inawalazimisha kukubali.

Kipindi kilikuwa kinakaribia kuisha yule mvulana wa nyuma aliponyoosha mkono. Alikuwa amechora duara kwenye daftari, na ndani yake mishale midogo inayofuatana kwa kuzunguka, kila kaskazini ikiigusa kusini ya mbele yake.

"Hii itakuwa na ncha wapi?"

Nikalipeleka daftari kwa darasa zima, nikauliza wanaonaje. Msichana wa mbele alilitazama, akafuata mishale kwa kidole hadi akarudi alipoanzia. "Haina," alisema. "Haina hata moja."

Ndivyo ilivyo. Pete ya chuma iliyosumakishwa kwa kuzunguka haina ncha kwa nje, ingawa usumaku umo ndani yake.

"Na tukiikata mahali pamoja?" nikauliza.

"Zitatokea mbili," alijibu mvulana, "pale pale kwenye mkato, zikitazamana. Na zitavutana."